Mafuta yaliyokaangiwa yanageuka dizeli, fanya hivi

Mafuta ya kukaangia yakichoka usiyamwage kabisa, injini ya dizeli inayatumia vizuri tu ukiyatengeneza. Yachuje kwa kitambaa, yapashe hadi nyuzi 110 hivi maji yatoke, yakiacha kutoa mapovu ujue yamekauka, na hapo usiwe na haraka maana maji yakibaki utapata sabuni badala ya dizeli.

Yapoe hadi 55. Kila lita 1 inataka methanoli mililita 200 na kostiki soda gramu 3.5, ila mafuta yaliyotumika yana asidi so lazima upime: mililita 1 ya mafuta kwenye mililita 10 za isopropili (aina ya spiriti), finofthaleini kidogo (dawa ya kupimia inayogeuka pinki asidi ikiisha), dondoshea maji ya kostiki (gramu 1 kwa lita) mpaka pinki ikae, kila mililita uliyodondosha ongeza gramu 1 ya kostiki kwa lita ya mafuta juu ya zile 3.5.

Methanoli ni sumu, inapofusha na inadaka moto haraka sana, kwa hiyo fanyia nje, glavu na miwani, moto wowote uwe mbali, tafadhali sana. Yeyushia kostiki kwenye methanoli, mimina kwenye mafuta, koroga saa 1, acha usiku kucha. Asubuhi gliserini nyeusi nzito iko chini, dizeli ya rangi ya asali juu. Toa gliserini, osha dizeli na maji taratibu hadi maji yatoke safi, ikaushe.

Weka filta ya akiba, mwanzoni dizeli hii inang'oa uchafu wote wa tangi.