Slabu ya posti-tensheni hatua kwa hatua, na pale kwenye jeki tutakaa sana

Kuna forman mmoja kijana yuko saiti huku Njiro, Arusha, miaka yote kazi yake ni nondo 12, ringi na mirunda, sasa kapewa ghorofa lenye slabu ya kuvuta waya na kila jioni simu yangu inaita. Nimeona niandike tu, maana najua hayuko peke yake.

Kwa wasioijua: zege likibanwa ni gumu kweli, likivutwa linapasuka mapema. Kwahiyo tunapitisha waya za chuma kigumu ndani ya slabu, zege likishakomaa tunazivuta kwa jeki na kuzifunga pembeni kwa vishikizo vya chuma vinavyoitwa anka, slabu inabaki imebanwa muda wote. Waya haijalala bapa, inapita juu ikifika kwenye nguzo na inashuka chini katikati ya nguzo na nguzo, ukiivuta inataka kunyooka, na huko kutaka kunyooka ndo kunainua slabu pale katikati ambapo ingelegea. Ndo maana unaweza ukakuta nguzo ziko mita 8 au 9, slabu ni kama sentimita 20 tu na bimu hakuna, magari yanapaki chini vizuri.

Mfumo ninaousema hapa ni ule wa dakti bapa (mabomba ya kupitishia waya) zinazojazwa grauti, yaani saruji na maji, baadaye. Upo mwingine wa waya zenye grisi ndani ya plastiki, Wamarekani wanaupenda sana, mimi siupendi kwa majengo ya huku kwetu. Fundi AC akikata waya ya grisi umeipoteza yote kutoka ukuta hadi ukuta, ile ya grauti imeshashikana na zege, hasara inabaki karibu na pale alipokata.

Hatua ya 1: fomu (mbao za kumwagia zege) na nondo za chini

Mnajua. Ila mirunda hapa hapana, tafuta propu za chuma, na biskuti za kuinulia nondo ziwe za zege sio vipande vya mbao.

Hatua ya 2: dakti, waya na anka

Waya yenyewe ni nyuzi saba zilizosokotwa, nyingi utakutana nazo za milimita 12.7. Dakti moja bapa inabeba waya 3 hadi 5. Mchoro unakupa kimo cha dakti kila mita au pungufu, viandike kwa rangi kwenye mbao kabla hujaweka chochote, halafu panga viti vyake. Kimo ndo kila kitu hapa, milimita 5 juu au chini ndo mwisho. Kusogea pembeni kidogo kukwepa tundu la choo sio tatizo, ila kwa mkunjo wa taratibu, sio kona. Na bomba la maji likigombana na dakti, bomba ndo linahama, mwambie fundi bomba mapema kabla hajaanza kelele.

Maungio ya dakti zungushia tepu vizuri mpaka uridhike, afu zungushia tena. Uji wa saruji ukiingia mle ndani utaukuta kwenye hatua ya 4. Mirija ya grauti iweke kwenye ncha zote na sehemu za juu. Nondo za kuzunguka nyuma ya anka zisipunguzwe hata moja, hapo ndo nguvu yote ya waya inaingilia.

Hatua ya 3: kumwaga

Tumia saruji ya 42.5, ile ya 32.5 itakuchelewesha kuvuta. Vaibreta isikae juu ya dakti, ila nyuma ya anka pigeni haswa, zege likiwa na matundu pale anka itazama siku ya kuvuta. Kyubu, vile vipande vya zege vya kupima nguvu, ziacheni juu ya slabu zikae na baridi ileile ya slabu. Arusha mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi kweli, zege linakomaa polepole, kyubu iliyolelewa kwenye maji ya maabara itakudanganya kwamba mko tayari.

Hatua ya 4: kuvuta

Mara nyingi ni awamu mbili. Ya kwanza ndani ya siku moja hadi tatu, robo ya nguvu, kuzuia nyufa za zege kusinyaa. Ya pili kyubu zikifika nguvu iliyoandikwa kwenye mchoro, mara nyingi utakuta 25 (N/mm²). Usihesabu siku, hesabu kyubu.

Waya moja ya 12.7 inakatika kwenye kama kilonyutoni 184, tunaivuta mpaka asilimia 75 au 80 ya hapo, yaani kama tani 14 kwenye kitu kinene kama kidole. Kwahiyo mtu asisimame nyuma ya jeki, hata kupiga picha, hata bosi. Na upande wa pili wa waya vilevile, weka mtu wa kuzuia wapita njia.

Sasa namba. Unavuta kwa kusoma geji ya presha ya jeki, lakini geji peke yake usiiamini, lazima upime na urefu ambao waya imetoka. Kwa haraka haraka ni milimita 6.5 hadi 7 kwa kila mita ya waya, ila namba ya kutumia ni ya injinia, iko kwenye mchoro. Kosa linalofanyika sana ni kuanza kupima waya ikiwa bado imelegea. Vuta kwanza mpaka asilimia 20 ya mvuto, soma urefu wa pistoni, endelea mpaka mwisho, soma tena. Tofauti hiyo ni ya asilimia 80 tu ya mvuto, kwahiyo toa kipande cha waya kilicho ndani ya jeki ambacho nacho kinarefuka (nusu mita ni kama milimita 3), afu gawa kwa 0.8. Mfano waya ya mita 22, mchoro unasema itoke milimita 148. Umesoma tofauti 117, toa 3 inabaki 114, gawa kwa 0.8 unapata 142 na ushee. Imepungua kama asilimia 4, iko salama, wengi wanaruhusu 5 au 7, angalia spesifikesheni yenu.

Ikitoka nje ya hapo SIMAMA, usiongeze presha ili urefu ufike, utakata waya. Kaa chini uangalie zimekosea vipi. Ikiwa ni waya za dakti moja tu na zimetoka fupi, fikiria uji wa saruji umeingia au dakti imebonyea. Ikitoka ndefu kupita kiasi, labda inateleza upande uliofungwa, au weji (vipande vya chuma vinavyoiuma waya ndani ya anka) zina kutu na mchanga haziumi, au zege la anka linabonyea. Lakini zikikosea ZOTE kwa kiasi kilekile, usianze kulaumu waya, mara nyingi kosa liko kwenye geji. Nilishakaa saiti moja ya Moshi kutwa nzima, waya zote fupi kwa karibu asilimia 12, watu wanabishana kuhusu msuguano na kutaka kupasua zege, kumbe waliotukodisha jeki walituletea na geji ya jeki nyingine. Jeki na geji vinapimwa pamoja na cheti ni kimoja kwa hao wawili. Siku hizi nikifika kitu cha kwanza nasoma namba zilizochongwa kwenye jeki na kwenye geji nalinganisha na cheti, chai baadaye.

Kila waya iandikwe kwenye karatasi palepale, sio jioni kwa kukumbuka.

Hatua ya 5: kukata na grauti

Subiri injinia asaini zile namba ndo ukate mikia, kwa grinda, moto wa gesi usisogee pale, joto linalegeza weji. Ziba mifuko ya anka, halafu piga grauti ya saruji na maji, maji yasizidi 0.45 ya uzito wa saruji. Ingiza upande mmoja mpaka itoke kila mrija ikiwa nzito kama inavyoingia, funga mrija mmoja mmoja kwa mpangilio. Msiiache wiki na wiki, kutu haingoji malipo ya awamu ya tatu.

Hatua ya 6: propu na alama

Propu zinatoka kwa ruhusa ya injinia, na kama ghorofa la juu linamwagwa juu yake nyingine zinabaki. Kisha chini ya slabu piga mistari ya rangi kila dakti inapopita na mwenye nyumba mpe mchoro wake mkononi. Mafundi wa dari, AC na mabomba watakuja na drili zao wewe ukiwa saiti nyingine, na mistari hiyo ndo itakayowaambia wasitoboe wapi.