Figo haionekani mahali pake? Itafute hivi kabla hujaandika "haipo"

Juzi nimekaa na dogo anayejifunza ultrasaundi, kapima kushoto hakuna kitu, mkono ushaanza kuandika "figo ya kushoto haipo". Nikamwambia subiri kwanza.

1. Pima pande zote mbili kama kawaida. Probu (kile kifaa unachopitisha mwilini) ya mpinde, nyingine achana nazo.

2. Pembeni ukiona kitu kama figo, tulia. Figo isipokaa pale utumbo unaingia kwenye nafasi yake, na unafanana nayo kweli. Shikilia probu hapohapo, kikichezacheza ni utumbo.

3. Shuka nyongani. Mtoto akiwa tumboni figo zinaanzia huku chini, zinapanda kati ya wiki ya 6 na ya 9, kwa hiyo iliyokwama njiani utaikuta humu, mara nyingi ndogo, na pale mishipa inapoingilia pameelekea mbele. Ila kibofu kijae! Mimi niliwahi kupima mgonjwa kibofu kitupu, nikazunguka weee, gesi tupu, saa nzima imeenda, alipokunywa maji akasubiri nikarudisha probu figo hii hapa juu ya kibofu, imejilaza kwenye uti wa mgongo. Sasa kikijaa sana nacho kinafanya figo ionekane imevimba kwa mkojo, usikimbilie kusema imeziba, akakojoe kwanza umpime tena. Na mwanamke usije ukamwandikia uvimbe wa ovari, washa dopla ya rangi (inayoonyesha damu inavyotembea) uone mishipa ikiingia katikati, ovari haina umbo lile.

4. Chini hakuna? Rudi upande wenye figo. Ikiwa ndefu kupita kawaida na ina mkato, huenda mwenzake amevuka wakaungana, nyingi zinazovuka huungana. Mrija wa mkojo wa figo iliyovuka bado unaingia kibofuni upande wake wa asili, kwa hiyo ukiweka dopla kwenye kibofu utaona mkojo unaruka kutoka kulia na kushoto.

5. Figo zote zipo ila ncha za chini zimeelekea katikati na mwisho wake huuoni? Hiyo ni figo ya kiatu cha farasi, yaani mbili zimeungana chini, wanayo kama mtu 1 kwa 500. Bonyeza taratibu katikati ya tumbo, utaona daraja linaloziunganisha limepita mbele ya aota, ule mshipa mkuu wa damu. Wengine huliita matezi, wanamtia mgonjwa hofu ya bure.

6. Kwenye ripoti taja iko wapi, imeungana wapi, kama kuna mawe au imevimba. Umetafuta kote hujaiona, andika "haikuonekana", halafu pendekeza CT (skani).