Jinsi ya kufuatilia matetemeko ya zamani ya milima ya Kivu ukiwa Bukavu

Ukitaja tetemeko hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, watu watakuambia lile la Jumapili, 3 Februari 2008. Yalikuwepo mengine mengi kabla yake. Mimi nayatafuta kwa daftari, ramani, penseli na bando la intaneti la saa moja.

Hatua ya 1: orodha za mashine za kupima matetemeko. Fungua katalogi ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, ni ya bure. Weka latitudo 0 hadi 4 kusini na longitudo 28 hadi 30 mashariki, kuanzia 1900. Miaka ya mwanzo utaikuta karibu tupu. Usiseme ardhi ilikuwa imetulia: mashine ndizo zilikuwa chache. Hata kituo cha utafiti cha Lwiro, hapo juu kwenye barabara ya Katana, walianza kupima miaka ya 1950. Na ukiona kina "10 km" kimejirudia mstari kwa mstari, jua mara nyingi ni namba ya kujazia tu, kina chenyewe hakikupimika.

Hatua ya 2: saa. Katalogi inaandika saa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia. Sisi wa mashariki tunaongeza 2, Kinshasa wanaongeza 1. Lile la 2008 limeandikwa 07:34. Kwetu ilikuwa 9:34, yaani saa tatu na dakika 34 asubuhi, watu wako misani. Angalia sana: hapa kwetu mtu mmoja anahesabu saa Kiswahili, jirani yake anahesabu Kifaransa kwa maneno ya Kiswahili. Akikuambia "saa tisa", wa kwanza anamaanisha 9:00 alasiri au usiku wa manane, wa pili neuf heures, yaani saa tatu; muulize jua lilikuwa wapi.

Hatua ya 3: wazee. Hapa ndipo ninapotumia siku nyingi. Usiulize mwaka. Ukiuliza mwaka utapewa mwaka, maana mgeni haachwi aende mikono mitupu. Uliza alikuwa wapi, anafanya nini, nani alikuwa mgongoni.

Upande wa Kalehe mama mmoja aliniambia:

"Mwanangu, ni mwaka ule moto wa Goma. Maharage yalikuwa bado shambani."

"Mama, moto ulikuwa umeshapita?"

"Zamani! Wakimbizi walikuwa wamesharudi kwao."

"Moto wa Goma" ni volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka 17 Januari 2002. Maharage ya msimu wa kwanza tunapanda Septemba. Nikarudi kwenye orodha, nikakuta 24 Oktoba 2002, ukubwa 6.2, Kalehe. Hapo nikaandika tarehe, ila kwa penseli, mpaka mtu wa pili asiyekaa naye aseme vilevile.

Wengi pia wanachanganya lile la 2008 na la 7 Agosti 2015. Swali moja linatosha: ulikuwa kanisani au kitandani? La 2015 lilikuja usiku.

Hatua ya 4: mtikisiko wa kila kijiji. Ukubwa ni namba moja kwa tetemeko zima, ila mtikisiko hutofautiana kijiji hadi kijiji, na hupimwa kwa ngazi za Mercalli, I hadi XII. Andika vitu, usiandike hofu: sahani zilianguka? ukuta ulipasuka au ulilala? wa tofali za kuchoma au wa udongo? Hapa Bukavu, nyumba ya mteremko wa mtaa wa Kadutu inaweza kubomoka kwa mtikisiko ambao mtaa wa Nyawera umeangusha vikombe tu. La 2008 lilikuwa 5.9, na waliokufa wengi walikuwa ng'ambo, wilaya za Rusizi na Nyamasheke nchini Rwanda, baadhi yao kanisani. Kwa hiyo vuka mpaka na uulize umutingito, yaani tetemeko kwa Kinyarwanda. Ukiishia mto Ruzizi, ulio mpakani, ramani yako itakuwa nusu.

Hatua ya 5: karatasi. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, waliandika shajara katika kila misheni, kwa Kifaransa. Tafuta "tremblement de terre" (tetemeko la ardhi) na "secousse" (mtikisiko). Bukavu utaikuta kama Costermansville, jina lililotumika hadi miaka ya 1950. Padri akiandika "mtikisiko mdogo, tukaendelea kula", hiyo ni ngazi ya III au IV. Ninakili sentensi nzima, kisha ngazi ninaiweka pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine, ili mwingine akiona nimekosea aifute bila kugusa maneno ya padri.