Jinsi ya kutengeneza hingvashtak nyumbani, unga wa mvuje wa kutoa gesi tumboni

Wiki iliyopita mama mdogo alinipigia simu kutoka Mombasa. Alikuwa amesaga viungo vyote vinane nilivyomwandikia, na sasa ndani ya mashine kuna donge la kahawia limegandia visu, halisagiki wala halibanduki. Nikamuuliza, "Mama, mvuje uliukaanga?" Akajibu, "Niliupitisha motoni kidogo." Hapo ndipo penyewe. Nimemwandikia upya yeye, na nimeona niweke hapa na wengine wapate.

Mimi huu unga nilifundishwa Vadodara, Gujarat, nilipokuwa nasoma kule. Mama mwenye nyumba, ambaye sote wapangaji tulimwita Ba kama wajukuu zake, aliona ninavyoteseka na tumbo kila nikila dengu. Hing ni mvuje, na ashtak ni kundi la vitu vinane. Ayurveda, tiba ya jadi ya India, inasema tumboni mna moto, agni, na moto huo ukififia chakula kinalala na upepo unajaa. Unga huu kazi yake ni kuuamsha moto na kuutoa upepo. Hautibu vidonda vya tumbo wala amiba, na mwenye maradhi hayo aende kupimwa.

Kwa nini usinunue ulio tayari? Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, na 14 kati yake zilikutwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Haina maana kila kopo ni baya. Lakini ukisaga mwenyewe unajua umetia nini.

Hatua ya 1: Kukusanya

Pima kwa mizani, usipime kwa kijiko, maana mbegu na chumvi hazilingani uzito.

Tangawizi kavu, pilipili manga, pilipili ndefu (pippali), ajwaini, jira, jira nyeusi na chumvi ya mawe: gramu 20 kila kimoja. Mvuje: gramu 10.

Vitabu vya Ayurveda vinataka vyote vinane viwe sawa kwa uzito. Ba alikuwa anapunguza mvuje hadi nusu kwa sababu alitumia ule safi, na mimi nimefuata mkono wake. Vitabu pia vinataja mbegu nyingine iitwayo ajamoda, lakini majumbani wengi wanatia ajwaini, ambayo maduka ya Wahindi wa kwetu wanaiita ajmo. Pilipili ndefu utaijua kwa umbo, ni kama kishada kidogo cheusi chenye vinundu. Angalia sana jira nyeusi: ukiomba kwa jina hilo, wengi watakupa habasoda. Habasoda ni punje nyeusi tii yenye pembe. Jira nyeusi ninayoisema ni nyembamba, imepinda kama mwezi mchanga, na ndiyo ndogo yake jira ya pilau. Chumvi ninayopenda ni ile ya waridi ya Khewra, Pakistani. Ya mezani usitie.

Hatua ya 2: Kukaanga mvuje

Hapa kaa chini usome, usiruke.

Kwetu pwani mvuje hatukuujua kwa chakula. Wengi tuliujua kwa harufu, kipande kimefungwa kwenye kitambaa na kuvishwa mtoto mchanga asipatwe na jicho. Kitu chenyewe ni utomvu wa mzizi wa mmea unaoota Afghanistan na Iran. India inautumia kuliko karibu nchi yoyote, lakini kwa miaka yote imekuwa ikiuagiza nje. Ni Oktoba 2020 tu ndipo wataalamu wa Palampur walipanda mche wao wa kwanza katika bonde la Lahaul, huko Himachal Pradesh. Ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana unachanganywa.

Dukani utakuta wa aina mbili. Ule wa kopo, unga wa njano au wa kijivu, umechanganywa na unga wa ngano au wa mchele pamoja na gundi ya mti. Kama mtu wa nyumbani kwako hawezi ngano, soma kibandiko kabla hujalipa. Wa pili ni wenyewe wa mabonge, unang'aa kama ubani uliolainika, na ukiubonyeza unaingia kucha. Huo ndio ninaoutaka mimi, na huo ndio unaoharibu mashine za watu.

Mabonge hayasagiki yakiwa mabichi kwa sababu ni gundi. Yanatakiwa yakaangwe kwa samli mpaka maji yote yatoke. Fanya hivi:

Kata vipande vidogo, visizidi punje ya mahindi. Kisu kikinata, kipake samli. Mara yangu ya kwanza nilikata vikubwa kama kunazi. Nje vikakauka, katikati vikabaki ulimbo. Nilivitia kwenye mashine, nikashinda mchana kutwa nachokonoa visu kwa sindano na maji ya moto.

Tia kijiko kikubwa cha samli kwenye kikaango kizito. Samli ya ng'ombe, si samli ya mboga. Moto uwe mdogo kabisa, na kama ni jiko la mkaa, subiri mkaa uvae majivu. Samli ikiyeyuka, tia vipande vichache, visigusane.

Kwanza vitalainika, na utadhani vinayeyuka. Usiviondoe. Kisha vitatoa mapovu, vitavimba na kuwa vyepesi kama bisi, na harufu itabadilika: ule ukali wa kitunguu saumu kilichooza unapotea, inakuja harufu ya kitunguu kilichokaangwa vizuri. Geuza. Mapovu yakikoma, epua hapo hapo. Ukichelewa vinageuka vyeusi na uchungu wake hautoki, itabidi umwage, na hela imekwenda.

Weka juu ya karatasi, viache vipoe kabisa. Sasa chukua kipande kimoja ukivunje kwa vidole. Kikikatika kwa mlio na kuwa chenga, kimeiva. Kikivutika hata kidogo, rudisha motoni. Usijidanganye hapa, maana kipande kimoja kibichi kinatosha kugandisha unga wote.

Vilivyoiva vitwange kwenye kinu pamoja na chumvi yako ya mawe. Chumvi inafyonza samli iliyobaki na kufanya mvuje usagike laini. Mashine sitii mvuje kamwe, hata ulioiva, maana visu vinapata joto na joto linaurudisha kuwa gundi.

Kama una ule wa kopo, upashe tu kwenye kikaango kikavu kwa sekunde chache. Una unga ndani, unaungua upesi.

Hatua ya 3: Kusaga vilivyobaki

Kaanga jira zote mbili na ajwaini bila mafuta mpaka zinukie. Pilipili na tangawizi zianike tu juani. Saga, kisha chunga kwa kitambaa chepesi cha pamba, si kwa chujio la chai. Changanya na mvuje wako na chumvi.

Hatua ya 4: Kula

Wali ukiwa wa moto, chota kiasi cha tonge la kwanza, weka pembeni ya sahani. Tia samli kidogo na robo kijiko cha chai cha unga, finyanga kwa vidole, kula hilo kwanza. Ukizoea unaweza kufika nusu kijiko. Usiulambe mkavu, unachoma koo.

Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia asiutumie, una pilipili mbili na tangawizi. Mjamzito asiutumie. Mwenye presha akumbuke kuna chumvi. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, au dawa yoyote ya kila siku, amuulize daktari kwanza, kwa sababu pilipili manga hubadilisha namna mwili unavyopokea dawa. Na mtoto mchanga asipewe mvuje kwa mdomo, hata matone. Najua bibi zetu walifanya, lakini madaktari wameshaeleza kisa cha mtoto mchanga aliyepewa mvuje na damu yake ikashindwa kubeba hewa. Gesi inayokuja na damu chooni, kutapika au kukonda, hiyo nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Kuhifadhi

Chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, mbali na majani ya chai, maana yatanuka mvuje. Kanuni ya zamani ya Ayurveda ni kwamba dawa ya unga hupungua nguvu baada ya miezi miwili, kwa hiyo tengeneza kidogo kidogo. Mama mdogo jana alikaanga upya na kunitumia picha ya vipande vyake kwenye karatasi: vyepesi, vya rangi ya asali, kimoja amekivunja katikati nikione ndani.