Jinsi ya kucheza na kichanga kwa mdundo, maana anausikia vizuri tu

Wazazi wenzangu wa Dodoma, tuache kusema kichanga hasikii kitu. Anasikia tangu yuko tumboni. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na István Winkler wa Hungary walibandika vifaa vya kupima ubongo kichwani kwa watoto wa siku 2 au 3 wakiwa wamelala, wakawapigia mdundo wa ngoma, ila mara moja moja wanaliruka lile pigo kuu. Ubongo ukashtuka palepale kwa sababu ulikuwa unalisubiri, mtoto hata shingo hajakaza!

Sasa fanya hivi. Subiri akishashiba na kucheua, macho wazi, ametulia, zima tivii na redio. Mpakate huku umemshikilia kichwa, uso wako uwe karibu na wake, halafu chagua wimbo mmoja mfupi wa kwenu, uwe wa Kigogo, Kirangi, Kisandawe, wowote ule, na kama bibi yupo mwambie aimbe yeye maana wamama wa Kigogo waliopiga ngoma ya muheme wana mdundo mkononi kabisa. Imba polepole huku unampiga-piga mgongoni kwa kiganja, taratibu, ndu, ndu, ndu, kiganja kishuke pamoja na pigo la wimbo, usiharakishe katikati. Hapa ndo wengi tunakosea, tunabadilisha wimbo kila dakika, wakati mtoto anahitaji kitu kinachojirudia ili ajue kinachofuata.

Ukimaliza ubeti nyamaza kidogo, mwangalie. Anaweza kukodoa macho, kuacha kurusha miguu, au kutoa kasauti, basi na wewe mjibu. Asipofanya kitu usijali, ule mshtuko wa ubongo hauonekani kwa macho, unapimwa kwa mashine. Akigeuza uso au akianza kulia, amechoka, acha.

Baba nae aimbe, ila mkijua kwamba kichanga huwa anaipenda zaidi sauti ya mama yake, aliizoea tumboni.

Spika kubwa za sherehe mweke nazo mbali jamani, masikio yake bado laini, na usimtikise kwa nguvu eti unamchezesha, ni hatari sana kwa ubongo. Na kama sufuria linaanguka karibu yake akiwa macho na hashtuki kabisa, tena zaidi ya mara moja, usisubiri akue, ukienda kliniki mwambie nesi unataka mtoto apimwe masikio.