Ukiitwa kwenye utafiti wa dawa ya moyo ulionenepa ukuta

Kazi yangu hapa Uingereza ni kupima moyo kwa eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti, na Waswahili wenzangu kadhaa wamelala kwenye kitanda changu wakiwa ndani ya utafiti wa dawa. Ugonjwa wenyewe si ule moyo mkubwa wa presha. Huu ni wa kurithi: ukuta wa moyo unanenepa, wakati mwingine hadi kubana njia ya damu.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, uliza dawa inalinganishwa na nini. Katika utafiti wa mavakamteni, dawa ya ugonjwa huu, uliochapishwa 2020, wagonjwa 251 walipangwa kwa bahati nasibu kwa wiki 30, wengine wakimeza dawa, wengine kidonge kitupu, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapata nini. Waliofikia lengo, yaani kuweza mazoezi zaidi bila dalili kuzidi, walikuwa asilimia 37 kwa dawa na 17 kwa kidonge kitupu. Hao asilimia 17 wana thamani kubwa kwangu. Bila wao tungeipa dawa sifa isiyo yake. Basi ukihisi umepewa kitupu, usiache kuja.

Siku ya kipimo, leta dawa zako zote kwenye mfuko, hata omeprazo ya tumbo uliyojinunulia, maana inaweza kupandisha kiwango cha mavakamteni mwilini. Bisoprololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, usiiache kwa uamuzi wako.

Kisha nitakwambia ujikaze. Mama mmoja wa Mombasa alitafsiriwa kwa simu "pumua kwa nguvu", akapumua tu, kipimo cha tofauti ya presha pale njia ya damu inapobana kikaja 30. Nikamwinamia: "Mama, ziba pumzi, usukume kama choo kimekuwa kigumu." Akaona haya, lakini akasukuma, kikapita 50, kiwango kilichotakiwa ili apokelewe kwenye utafiti. Usijifunze nyumbani peke yako, unaweza kuzimia.

La mwisho ndilo linalonikosesha usingizi: watu huficha dalili wasije wakatolewa. Dawa hii hupunguza nguvu ya mayosini, protini inayokaza misuli. Ikizidi, moyo unalegea. Nguvu ya kusukuma damu ikishuka chini ya asilimia 50, dawa husimamishwa kwanza, na wengi huirudia kwa dozi ndogo. Viatu vikianza kubana jioni, au pumzi ikikata ukilala chali, piga simu siku hiyohiyo. Usingoje miadi.