Kupogoa mti wa miendo kwenye programu ya sataranji

Huku Moshi, anayepogoa mibuni huanza na maotea, tawi lenye buni haligusi. Ndivyo nawafundisha vijana wanaoandika programu ya sataranji: kata kwanza usichokitilia shaka.

1. Alfa-beta. Ni mbinu ya kuacha tawi (mwendo na yote yanayoufuata) ambalo haliwezi kubadili uamuzi: alfa ni alama ulizokwisha kujihakikishia, beta ni kikomo ambacho mpinzani hatakuruhusu ukivuke. Hii haipotezi kitu. Jibu ni lile lile ungelipata kwa kukagua kila mwendo. Tuchukue miendo 35 kwa kila nafasi: kwa kina cha 6, yaani miendo sita mbele ukihesabu ya pande zote mbili, unafikia nafasi za mwisho zaidi ya bilioni 1.8. Miendo ikipangwa vizuri kabisa, zinabaki 85,749. Kwa hiyo shughulikia mpangilio: miendo ya kula itangulie, pawni kumla malkia kabla ya malkia kula pawni.

2. Kuruka zamu. Hapa unaanza kukopa. Unamwachia mpinzani acheze, unatafuta kwa kina kilichopunguzwa 2 au 3, na ukibaki juu ya beta unakata tawi zima. Kasi inapanda mno. Lakini mbinu hii inaamini kwamba kucheza sikuzote ni afadhali kuliko kutulia, na si kweli. Panga ubao: mfalme mweupe d5, pawni yake e4, mfalme mweusi f4, pawni yake e5. Mwenye zamu ameshindwa, maana mfalme wake lazima aiache pawni. Programu ikiruka zamu, inaona mpinzani ndiye anayeachia, inajihesabia ushindi na kukata. Nilikesha usiku mzima nikikagua tathmini, yaani sehemu inayoipa nafasi alama, kumbe kosa liko huku.

Kinga zake: usiruke mfalme akiwa ameshambuliwa, usiruke mara mbili mfululizo, wala usiruke ukiwa umebakiwa na mfalme na pawni tu.

3. Kupunguza kina. Miendo tulivu, isiyokula wala kumshambulia mfalme, ya mwishoni mwa orodha itafute kwa kina pungufu kwa 1. Ukivuka alfa, rudia kwa kina kamili. Huko kurudia ndiko kunakonifanya niipende mbinu hii kuliko kukata moja kwa moja. Gharama yake ni kwamba kafara tulivu, yaani kuachia kete iliwe kwa mwendo usiokula kitu, huchelewa kuonekana.

4. Pima. Kila mbinu iwe na swichi yake. Pambanisha toleo jipya na la zamani kwa michezo mia kadhaa, muda sawa, yakibadilishana rangi. Kina kikubwa kwenye skrini kisikudanganye, angalia matokeo. Laptopu iwe kwenye umeme, kwa sababu ikihamia kwenye betri mara nyingi hushusha kasi. Umeme ukikatika, mchezo uliokuwa unaendelea usiuhesabu.